Hodi ya Tatu

Saint Paul, 4 Februari 2024

Mdogo wangu Naftali,

Pokea salamu za huku kwenye baridi. Hujambo, na watoto, na ng'ombe? Mimi mzima, ila miguu imesahau kutembea. Nakuandikia kwenye simu kwa maana nikipiga, Alfred husikia.

Mwanangu huyo aliniita nimlelee mtoto miezi sita tu. Jana nilimwomba mara ya pili nirudi nyumbani. "Mama, tuta-extend kidogo." Asubuhi yeye na mkewe huwasha gari, wakaenda kazini hospitalini Maplewood. Nabaki kama nimefungiwa kwenye nyumba hii kuukuu ya mbao, nyumba pacha, ukuta mmoja katikati na jirani ng'ambo. Sakafu ya jikoni imeinama. Chungwa likianguka hukimbilia ukutani.

Nikimwimbia mtoto, bibi wa ng'ambo hugonga ukuta. Nami huitika, "Karibu!" Haji. Watu gani hawa?

Dada yako, Rahab

Kimilili, 6 Februari

Dada,

Sisi wazima, ng'ombe mwekundu amezaa. Nimecheka hadi mke wangu akaja kuangalia. Huko kugonga ukuta ni kukwambia unyamaze!

Na Alfred usimwogope. Mdomo ulionichapa utoto wangu wote umeenda wapi?

Mdogo wako, Naftali

Saint Paul, 27 Februari

Mdogo wangu,

Salamu. Afya ipo, raha hamna. Aibu ilinishika, nikaacha kuimba. Jana mlango ukagongwa: bibi mwenyewe, Bernardine, na mkongojo wake kwenye theluji. "Karibu," akaniita, "mbona huimbi?" Kumbe alidhani Karibu ndilo jina langu! Alikuwa akigonga ili niongeze sauti.

Kwenye chai akanieleza. Babu yake aliwajengea mabinti zake wawili nyumba hii, akaacha mlango katikati wapitiane. Wakagombana kwa sababu ya jiko, wakaupiga misumari. Upo nyuma ya kabati la mtoto. Bernardine alizaliwa ng'ambo ile, na hajawahi kukanyaga huku mpaka jana. "Mama alinikataza, nikazoea."

Naftali, niliogopa. Nilijiona mimi.

Dada yako, Rahab

Kimilili, 28 Februari

Dada,

Hatujambo. Watu wanalima. Hodi hubishwa mara tatu, na kwa Alfred umebisha mbili. Bisha ya tatu. Asipoitika, unajua mtu mwenye adabu hufanya nini.

Naftali

Saint Paul, 10 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote. Nilibisha ya tatu, mezani. Alfred akaendelea kula. Nikamwacha mtoto mikononi mwa mama yake, nikabeba sanduku, nikaenda kwa Bernardine. Mtoto akilia ng'ambo, namwimbia kupitia ukutani, nami nalia. Moyo uliniuma, sikufichi.

Jana Alfred akagonga ukuta. "Hodi, Mama." Nikanyamaza. Akagonga tena. Ya tatu akaja kuibisha mlangoni, hana hata koti. Bernardine akafungua, akageuka kuniita mimi: "Karibu!"

Alfred akadhani ameambiwa yeye, akaingia huku machozi yanamtoka. "Nime-book tiketi yako, Mama. Wiki ijayo."

Nifagilie nyumba.

Dada yako, Rahab