Mtoto Akinyamaza, Usikate Simu

Milwaukee,
9 Machi 1984

Mwanangu mpenzi Leonard,

Pokea salamu nyingi za mama yako. Naomba barua hii ikukute mzima, unakula, na koti unalo, maana upepo wa Chicago naujua. Sisi hatujambo. Baba yako mgongo unamsumbua ila kazini anakwenda. Bibi yako anakusalimu, bado anaficha peremende kwenye aproni. Dada yako Bernice anakusalimu, na mwanawe Paulie ameota meno mawili. Jirani Bi Stella anakuulizia kila akitoka misani. Anwani nimepewa na Bernice, usimgombeze.

Mwanangu, kuna mama mmoja hapa, Bi Irma Vogt, zamani muuguzi wa shule. Mwanafunzi wake mmoja alijiua kwa kuwa alipenda wavulana wenzake na hakuwa na wa kumwambia. Bi Irma hakuishia kulia. Amefungua simu ya watoto kama hao, kwenye chumba nyuma ya duka la fundi viatu. Wanapokea tangu saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili, saa ambazo mtoto ametoka shule na wazazi hawajarudi kazini. Mimi nisingewaza hilo hata mwaka mzima.

Nilikwenda kuuliza kama uliwahi kupiga. Akaniambia majina hawaandiki, na hata wangeandika nisingeambiwa, basi nikae ninywe kahawa. Nikakaa. Sasa nakwenda kila Jumanne na Alhamisi. Wenzangu ni vijana wa rika lako, watundu hao, wananiita Mama Pierogi kwa yale maandazi yetu ya viazi ninayowapelekea. Siku ya kwanza nilimwuliza msichana aliyekuwa analia kama amekula. Nikadhani nimeharibu, kumbe Bi Irma akasema kuanzia leo wote waulize hivyo.

Sheria yao kubwa ni moja: mtoto akipiga akanyamaza, hukati. Unamwambia upo, asiwe na haraka. Wiki iliyopita nilisikiliza pumzi tu dakika arobaini. Mwishowe kikasikika kisauti kinasema asante, atapiga kesho. Na akapiga.

Leonard, tangu hapo silali vizuri. Pasaka iliyopita, wiki mbili baada ya baba yako kukufukuza, simu ya jikoni ililia, mtu hasemi. Nilijua ni wewe. Pumzi yako naijua tangu ulipokuwa na pumu. Baba yako akauliza ni nani. Nikasema wamekosea namba, nikakata, nikaendelea kukatakata soseji. Nilimwogopa. Nisamehe, mwanangu.

Jana nimemwambia baba yako yote. Alitoka akazoa theluji hata pasipo na theluji. Aliporudi aliuliza kama huko unakokaa kuna simu.

Namba yetu ni ileile. Ukipiga na maneno yasitoke, basi yasitoke. Sitakata.

Wote wanakusalimu tena. Nijibu upesi, hata mstari mmoja kwenye kadi, nijue umeipata.

Ni mimi mama yako,
Wanda