Doti ya Khanga Niliyompa Bakari

Ilala, Dar es Salaam

Kwa dada yangu Mwanaidi, Kilwa Kivinje.

Shikamoo dada. Barua yako haikuwa na salamu hata moja, lakini mimi nakuamkia, maana mama hakutulea tuingie kwa mtu bila hodi. Natumai wewe na shemeji mko wazima, na kile kifua chako kimepoa. Mimi mwili mzima. Moyo ndio unaochemka, na nisipoandika leo nitavunja kitu humu chumbani.

Umeniandikia kwamba nilikuwa nikipuliza tarumbeta Lindi na udongo wa kaburi la mama haujakauka. Umeniandikia kwamba badala ya kuja mwenyewe nilituma doti ya khanga, eti nimvishe nani? Na umesema nisikanyage Kivinje siku ya arobaini, kwa kuwa mwana asiyetokea matangani hana haja ya kuja kula hitima. Nimeisoma mara nne. Nikaikunja nikaitupa uvunguni, kisha nikaingia uvunguni kuitafuta. Sasa na wewe soma yangu mpaka mwisho, hata ukikasirika, maana hunishindi kwa hasira.

Unajua bendi yetu ikitoka huku Dar huzunguka kusini mwezi mzima. Hatuna anwani. Anwani yetu ni pale tunaposimama. Pale Mtama tunapenda kisima cha nyuma ya msikiti, maji yake baridi hata jua likiwa utosini. Nachingwea kuna fundi cherehani anayetuachia baraza yake yote, ila mkewe hapendi ngoma, kwa hiyo mpiga ngoma wetu Selemani hulala uani. Lakini mahali tulipopapenda kuliko pote ni Mingoyo, kwa Bi Tatu, mwenye hoteli ya makuti pale njia panda. Bi Tatu hufua mashati yetu meupe, akayatia buluu, akayapiga pasi ya mkaa, na hajawahi kumwambia mtu ampigie wimbo wa bure. Juu ya kabati lake kuna mkebe wa biskuti, na humo barua za wanamuziki wote wa njia ile hukaa mpaka mwenyewe apite. Mimi ndiye niliyekwambia: ukinitaka usinitafute Lindi, nitafute Mingoyo.

Jumamosi ile tulifika kwa Bi Tatu kabla ya adhuhuri, tunatoka Nachingwea, vumbi limetujaa mpaka masikioni. Jioni tulikuwa na dansi Lindi mjini. Nikaliona lori la chumvi la Bakari limesimama kando ya hoteli. Nikafurahi, dada! Mtu wa Kivinje! Nikamkimbilia.

"Bakari! Huku umefuata nini?"

"Nimepita tu, Mfaume."

"Nyumbani hawajambo?"

"Alhamdulillahi, kwa kila hali."

Hakunitazama usoni. Nikadhani ni uchovu wa njia. Nikafungua sanduku langu nikatoa ile doti niliyoinunua Nachingwea, nyekundu kwa nyeupe kama anavyopenda, nikamwambia, "Mpe mama mkononi mwake. Mwambie mwezi ujao nakuja, aniwekee bokoboko, na mara hii asimwite jirani yeyote kula nami." Bakari akaipokea kwa mikono miwili. Akapanda lorini akakaa tu na khanga mapajani, hawashi moto. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu. Mzee Rajabu, kiongozi wa bendi yetu, akaenda akasema naye dirishani, na baada ya hapo lori likaondoka. Nililipungia mkono, dada. Nilisimama njiani nikalipungia mkono mpaka likapotea.

Tukakaa kula. Siku hiyo Bi Tatu alipika wali wa nazi na chewa, na kichwa cha chewa kila siku ni cha Mzee Rajabu, hakuna asiyejua. Bi Tatu akakiweka mbele yangu. Nikacheka. Nikamwambia Mzee Rajabu, "Leo umepinduliwa, mzee!" Hakuna aliyecheka. Selemani akanawa mikono, akatoka nje hajala hata tonge. Mimi nikakila kile kichwa, nikafyonza na macho yake. Nakwambia haya ili ujue: nilishiba, na nilifurahi. Hilo ndilo silisamehe.

Wote walikuwa wanajua. Sahani nane kwenye mkeka ule, na mjinga mmoja.

Lindi nilipiga vizuri. Watu walishangilia. Asubuhi yake, baada ya sala ya alfajiri, Mzee Rajabu akaniita barazani akanambia mama amefariki Alhamisi na amezikwa Ijumaa. Nikamuuliza amejua lini. Akasema jana, kwa Bi Tatu, Bakari amekuja na habari. Nikamuuliza, na kile kiti kitupu?

"Kilikuwa chako," akasema. "Nilimwambia atangulie, nitakuleta mwenyewe leo."

"Kwa nini hukunambia?"

"Ungejua, ungepuliza nini jana? Mimi nimepewa dhamana ya kukutafutia wakati, nami nimekutafutia."

Wakati! Wakati alionitafutia ulikuwa baada ya dansi. Nilimkamata kanzu, dada, mtu mzima yule, mpaka Selemani akanibandua vidole. Kisha nikatoka kutafuta lori. Usiku ule mvua ilikuwa imeshuka huko juu, na kufika Jumatatu wakasema mto Mbwemkuru, kwenye njia ya Kilwa, umejaa, gari halivuki. Lori la Bakari ndilo lililokuwa la mwisho. Nilikaa Lindi siku nane, kila asubuhi niko sokoni naulizia, mpaka madereva wakawa wananiona wanatikisa vichwa kabla sijafungua mdomo. Bendi ikaendelea na safari bila mimi. Meli ilipokuja, ilikuwa haisimami Kilwa, ikanileta moja kwa moja huku Dar.

Katika siku hizo nane nilikwenda Mingoyo kwa miguu kumtukana Bi Tatu. Matusi nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Nilipofika nikamwambia mbele ya wateja kwamba amenilisha kama kuku wa sadaka. Hakunijibu kwa ukali.

"Mwanangu, Bakari alikuja hapa tangu asubuhi," akasema. "Akanambia maneno aliyopewa na dada yako: asiambiwe mwenyewe, aambiwe mkubwa wake, na mkubwa wake ndiye ajue la kufanya. Mimi nikampeleka kwa mkubwa wako. Nikakupa kichwa cha samaki. Sikuwa na kingine cha kukupa."

Nilikaa chini pale pale, mlangoni kwake.

Mwanaidi, maneno yale ni yako. Najua ni desturi. Hata mimi ningekuwa mahali pako ningesema hivyo hivyo, maana ndivyo alivyoambiwa mama siku baba alipozama: walimwambia mjomba kwanza, na mama akaletewa uji akanywa, hajui. Hukufanya ubaya. Lakini uliiweka habari ya mama yangu mikononi mwa mtu mwenye dansi jioni, naye akafanya alivyotaka kwa ruhusa yako. Sasa unaniandikia kama kwamba mimi ndiye niliyekaa nayo. Mzee Rajabu nimeachana naye. Napiga na vijana wengine hapa Ilala. Kwa Bi Tatu sitakula tena, si kwa kumchukia. Wewe je, nikufanye nini? Sina dada mwingine.

Arobaini nakuja. Meli ya wiki ijayo inasimama Kivinje, nimehakikisha. Ukinifungia mlango nitakaa barazani, na watu wanaopita waniulize nimekaa nini hapo, nami nitawasomea barua hii kwa sauti. Unanijua mimi na sauti. Ile doti usiikate wala usimpe mtu. Nikifika tutaikata pamoja, kipande chako, kipande changu.

Nisalimie shemeji, mwambie nyavu alizoagiza ninazo. Nisalimie baba mdogo, mwalimu wa chuoni, anisomee Yasini kwa mama mpaka nije nisome mwenyewe. Msalimie shangazi msusi wa mikeka, na umwambie nimesikia kwamba yeye ndiye aliyenitetea matangani. Na Bakari, ukimwona, mwambie sina neno naye. Mtu aliyeendesha kutoka Mingoyo mpaka Kivinje na khanga ile mapajani ameshaadhibiwa.

Neno moja la mwisho, dada. Tumebaki wawili. Habari nyingine ya namna hii itakuwa yako au yangu. Ikiwa yako, mwambie shemeji tangu leo asimpe mkubwa wangu wala mdogo wangu. Niambiwe mimi, kwa jina langu, hata kama tonge liko mkononi.

Ndimi mdogo wako wa tumbo moja,
Mfaume