Nusu Kidonge cha Mama Mkwe

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na kabla sijaomba nakuamkia, shikamoo, na kama mimi ndiye mkubwa utanisamehe, mtu asiyelala hana hakika ya mambo mengi. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na sita, nina mke, watoto wawili na mama mkwe tunayeishi naye tangu alipopata kiharusi, na kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha gari. Tatizo langu ni kwamba silali. Sisemi kwamba nalala kidogo, kama wanavyosema watu walioshiba wakakosa la kuzungumza, nasema silali, mwaka wa pili huu, sikufiwa, sikuibiwa, usingizi uliondoka tu kama mpangaji aliyehama bila kuaga, nikipanda kitandani naokoteza labda saa mbili au tatu na muda uliobaki nahesabu mabati.

Usidhani nimekaa bure. Nimeacha chai, nimekunywa maziwa ya moto mpaka nikayachukia, nimekunywa dawa ya kikohozi nikiwa sina kikohozi, nikahamia vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi, hivyo vikanikausha mdomo na asubuhi kichwa kizito, kisha mwenzangu kazini akanielekeza duka moja la dawa ambako muuzaji alinifungia vidonge vitano kwenye karatasi bila kuniuliza hata jina, siku tatu nikalala kama gogo, ya nne nikameza viwili, ya tano hapakuwa na kitu. Na kwa daktari nilikwenda, usije ukaniambia sikwenda. Yeye akaniambia nitafute daftari, niandike saa ninayolala na saa ninayoamka, niamke saa ileile hata kama sikulala, nisisinzie mchana, simu ilale sebuleni, nirudi baada ya wiki mbili. Mshauri, mimi nilifuata dawa, mtu ananipa kazi ya nyumbani kama mtoto wa darasa la tatu! Sikurudi.

Sasa nifike kwenye lenyewe. Mama mkwe alipewa hospitalini kidonge cheupe cha kumeza usiku, jina lake nimeliandika nyuma ya karatasi hii, na akishakimeza nusu saa haipiti anakoroma, mimi niko upande wa pili wa ukuta namsikiliza kwa wivu, Mungu anisamehe. Mke wangu anarudi kutoka kazini saa nne usiku, kwa hiyo dawa za jioni nampa mimi, na mama haoni vizuri, ninachomweka mkononi ndicho anachomeza, halafu ananiombea dua na kuwaambia wageni kwamba mkwe huyu ni kama nimemzaa mwenyewe. Basi mwezi uliopita nikakata kidonge kwa wembe, nusu nikampa yeye, nusu nikameza mimi, nikawaza huyu ni mwanamke mdogo wa umbo, tena mzee, nusu inamtosha. Nililala saa tano mfululizo. Tangu siku hiyo tunagawana, sijawahi kuchukua kizima, wala dawa haziishi kabla ya wakati, na yeye yuko sawa tu isipokuwa wiki hii mkono umekuwa ukimruka kidogo, kijiko kimemponyoka mara mbili mezani, mke wangu anasema ni uzee.

Ila nusu hainitoshi tena, na juzi nilisinzia kazini. Gari letu la mafunzo lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu, na wanafunzi nawaambia kila siku, ukiona hatari, breki kwanza, maelezo baadaye. Siku hiyo nilikuwa na mama mmoja muuza maua, nikamwambia anyooshe barabara, nikaja kushtuka gari limesimama mbele ya chuo, limeegeshwa vizuri kuliko ninavyoegesha mimi, naye ameng'ang'ania usukani jasho linamtoka, ananiuliza, "Mwalimu, nimefaulu?" Alidhani nilifumba macho ili nimpime. Nikamwambia amefaulu. Tulikuwa tumepita njia panda mbili na kivuko cha watoto wa shule, na sikuona hata kimoja.

Wenzangu wananiita Popo, nami nacheka nao, lakini naogopa. Naomba uniambie ni wapi nitapata vidonge kama hivyo, vyangu mwenyewe, bila maswali mengi, au unitajie dawa yenye nguvu zaidi, ili mama nimwachie vyake na mimi nisipoteze kazi.

Ni mimi, Popo

*

Popo,

Barua yako niliipata Jumanne asubuhi na gazeti hili hutoka Jumamosi. Sikungoja Jumamosi. Uliandika kwenye karatasi ya chuo chenu, namba ya simu iko juu, nikapiga nikamuulizia mwalimu anayeitwa Popo, wakacheka, wakanipa namba yako. Ukapokea simu mwanafunzi akiwa kwenye usukani, ukasema, "Niko kazini, mama, nipigie baadaye." Nikakwambia simamisha gari. Umeniruhusu kuchapa barua, nami nachapa na yale tuliyozungumza, maana wanaogawana vidonge majumbani ni wengi.

Kwanza, pole, na naisema kwa moyo. Kukosa usingizi si uvivu wala si kujitakia, na anayekucheka hajawahi kuhesabu mabati. Pole yangu inaishia hapo.

Umejaza kurasa tatu kwa usingizi wako, na kijiko cha mama mkwe ukakipa mstari mmoja. Mimi nilikwama kwenye kijiko. Kabla ya kushika kalamu hii nilikaa miaka kumi na tisa kwenye dirisha la dawa, na lile jina sitalichapa, lakini nalijua. Umekuwa ukimpunguzia mama dawa ya kuzuia kifafa, ambacho huwapata baadhi ya watu baada ya kiharusi. Usingizi ule na kukoroma ni athari za pembeni tu za dawa. Mkono unaoruka si wa kuusingizia uzee, baba. Kwa mama yule breki ya pili ni wewe, na wewe ndiye uliyeikata, kwa wembe.

Nilikwambia umweleze mkeo siku ileile, usirudishe kidonge kizima kimyakimya ukadhani umetengeneza, mama apelekwe hospitali na kopo lake, na daktari aambiwe ukweli wote: nusu ngapi, siku ngapi. Ukaniuliza, "Nitamtazama vipi mama mkwe usoni?" Nikakujibu kwamba yeye haoni vizuri, umesema mwenyewe. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo kidogo.

Jioni ukaleta ujumbe. Mama ametazamwa, daktari amempangia upya dozi yake, mkono unafuatiliwa. Mkeo hasemi nawe, na ana haki. Mama alipoelezwa yote aliuliza jambo moja tu: "Kumbe mkwe wangu halali? Mbona hakuniambia? Mwezi mzima na mimi niko macho, nabana kikohozi nisije nikamwamsha."

Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi, Popo. Nililia kidogo, nikaendelea na kazi.

Sasa wewe. Usiingie kwenye gari la wanafunzi mpaka daktari akuruhusu. Mwambie mkuu wa chuo akuweke darasani ufundishe alama za barabarani, na akinuna, anune. Yule muuza maua mtafute umwombe radhi, maana siku ile mwalimu alikuwa yeye. Dawa yenye nguvu zaidi sikutajii, na lile duka la vidonge vya kufunga kwenye karatasi sahau njia yake. Rudi kwa daktari wako na mfuko wenye kila ulichomeza, mpaka chupa ya kikohozi, na usiache wala usiongeze kitu kwa akili yako. Kama unahitaji dawa, atakupimia yako. Na daftari ulilolidharau, linunue leo. Pale dirishani niliwaona watu waliolijaza kila siku bila kuruka, wiki baada ya wiki. Si wote waliopona, lakini wengi waliacha kuja kununua vidonge. Mwanzoni litakuchosha na utanitukana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kopo la dawa usiliguse. Nani atampa mama, ataamua mkeo. Lakini usimkimbie mama wa watu kwa aibu. Jioni hii ingia ukamsalimie, umwombe msamaha kwa mdomo wako mwenyewe, kisha umwambie kwamba usiku akishikwa na kikohozi, akohoe.