Upande Mzuri

Jumatatu, 3 Machi

Nimeshuka kwenye ndege asubuhi, hotelini nimetupa begi tu, moja kwa moja studio. Mji mwingine, mashuka yale yale meupe.

Mwanamitindo wetu, tunamwita Mlingoti, kaja na shavu limevimba kama kaficha limau. Jino! Mhariri wa jarida nusura azirai. Nikamwambia atulie, kila uso una upande wake mzuri. Nikamketisha Mlingoti dirishani, shavu bovu likabaki gizani, kidevu juu, macho nje, nikapiga picha. Mhariri alipiga makofi. Poda, mpambaji wetu, akaninong'oneza kwamba mimi ni mwongo mwenye kipaji. Nimecheka. Ndiyo riziki yangu hiyo, nifanyeje?

Jumanne, 4 Machi

Mdogo wangu katuma picha ya mama. Kaketi dirishani, kitambaa kichwani, kidevu juu, anatazama nje. Mwanga safi! Nilimfundisha mwenyewe yule mtoto, na sasa kaiva. Nikajibu: mama kanawiri, mwambie shikamoo. Nilitaka nipige nisikie sauti yake, nikaambiwa mtandao unasumbua, halafu mama kalala. Kila siku mtandao! Haya.

Alhamisi tunaruka kwenda kupiga picha ya jalada. Jalada langu la kwanza! Miaka nenda miaka rudi napiga kurasa za ndani, mikoba na viatu, nalala kwenye viti vya viwanja vya ndege. Mhariri kasema wazi, nikifanya vizuri kazi zote za mwaka ni zangu.

Jumatano, 5 Machi

Mchana nilimwonyesha Poda picha za mama. Kujisifu tu. Akapitisha kidole, moja, nyingine, nyingine. Kisha akaniuliza, kwa utani wake ule, kama mama naye jino linamsumbua.

Nikacheka. Halafu nikaacha.

Zote ni upande wa kushoto. Zote! Tangu mvua zianze sijaliona shavu la kulia la mama. Wala mkono wa kulia, uko chini ya shali kila picha. Mimi ninayelipwa kwa ajili ya macho yangu, sikuona!

Nilimpigia mdogo wangu, akakata simu. Nikapiga tena na tena mpaka akapokea, analia. Kiharusi. Mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki, maneno hayatoki sawa. Daktari kasema kikija cha pili hatavuka. Nilifoka, nikamwita majina nisiyoweza kuyaandika hapa. Akaniacha nimalize. Kisha akasema mama mwenyewe ndiye aliyemkataza, eti dada yako akijua ataacha kazi. Mama ndiye anayechagua kiti. Mama ndiye anayesema nigeuze hivi, shali ivute huku.

"Na wewe dada ndiye uliyetufundisha."

Na huyu ndiye mama aliyekuwa akiwasema majirani waliofichana ugonjwa! Mficha maradhi — sitaki kumalizia.

Jioni nilimwendea mhariri. Pole nyingi, mkono begani. Nenda kwa mama yako, kasema, mama ni mmoja. Kisha, kwa upole ule ule, kwamba yupo mpiga picha mwingine anayengoja kuitwa, na jalada halina subira. Nilisema nitafikiri. Nitafikiri! Mama mzazi, na mimi nafikiri. Najichukia leo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefungasha. Sijui ni kwa safari ipi, begi ni lile lile.

Gari la kazi liko chini. Nimempigia mdogo wangu kwa video, nikamwambia leo sitaki picha, namtaka mama, uso mzima. Nikimwona nitajua pa kwenda. Nawasikia wanabishana. Mama hataki. Na sauti yake — Mungu wangu! Mama aliyekuwa akiita mtu sauti ikafika mwisho wa mtaa, leo anaongea kama ana maji mdomoni.

Simu nimeiegemeza kwenye kikombe. Kwenye kioo ni kiti na dirisha, hakuna mtu. Naandika ili mikono ipate shughuli. Naogopa.

Honi.

Anakuja. Mdogo wangu kamshika kwapani, anamketisha taratibu. Kushoto, kama kawaida. Kitambaa kimefungwa vizuri, shali iko mahali pake. Kidevu anajaribu kukiinua, kinashuka, anajaribu tena. Amekonda, mama yangu. Nimesema shikamoo mama. Nimesema, mama, geuka unitazame.

Hajageuka.

Honi tena. Poda ananiita ngazini, anasema mhariri kashaanza kununa.

Mama anamwambia mdogo wangu kitu. Anarudia mara kadhaa mpaka aeleweke, na mdogo wangu anajifuta macho kwa kiganja kabla ya kunifikishia.

"Dada, mama anasema piga picha haraka, usije ukaachwa na ndege."

Nimemwambia sipigi. Nimemwambia, mama, geuka.