Mama, Nekesa Hana Nywele za Mbele

Mama,

Tulipokuzika kule Bungoma tulinyolewa sote, kama desturi inavyotaka. Nywele zangu zimerudi. Za mdogo wangu Nekesa zimerudi pia, ila si juu ya paji. Pale mbele, kuanzia sikio hadi sikio, ngozi inang'aa tu. Miaka yote alikuwa akificha kwa wigi, na wewe ulijua.

Nimechukizwa, Mama. Acha niseme yote.

Wiki iliyopita Nekesa alinivuta hadi Eastleigh, hapa Nairobi, kwenye chumba kimoja cha ghorofani nyuma ya maduka ya mapazia. Mwenye chumba alivaa koti jeupe lenye doa la chai kifuani. Alifungua friji, akasukuma kando paketi ya maziwa na sahani ya matumbo, akatoa kichupa na sindano. "Siste, hii ni stem cell original, seli za kuotesha nywele. Hapo mbele itajaa, we tulia." Nekesa alikuwa ameshafumba macho na kuinamisha kichwa kama mtu anayeombewa. Nilimshika mkono nikamtoa nje, naye akanitukana ngazi zote hadi chini.

Kesho yake tulienda kwa daktari wa ngozi. Kumbe utafiti wenyewe upo. Chini ya kila mzizi wa unywele kuna seli zinazouamuru uote. Watafiti huchukua chache nyuma ya kichwa, ambako nywele bado zipo, wanazizalisha kwenye maabara, kisha wanajaribu kuzirudisha penye upara. Shida ni kwamba zikikaa nje ya mwili zinasahau kazi hiyo ya kuotesha. Bado ni majaribio. Sasa yule mwizi hakumtoa Nekesa hata chembe ya ngozi, alitaka kumdunga seli za nani? Za mbuzi?

Halafu daktari akasema mizizi ya mbele ilikufa kwa kuvutwa tangu utotoni, kovu likaziba, na penye kovu kazi ni ngumu zaidi hata kwa hao watafiti. Akauliza nani alikuwa akimsuka. Nekesa akajibu polepole, "Mama."

Mtaa mzima wa Tena ulikusifu kwa ususi wako, Mama. Kila Jumapili jioni ulitubana katikati ya magoti, ukakaza ili mistari idumu. Vipele vyeupe vikitoka kwenye paji, ulitupaka mafuta. Nekesa akilia ulisema, "Tulia, bado kidogo." Nikiukumbuka mkono wako ukivuta nachukizwa. Kisha nakumbuka ulivyokuwa ukituimbia, nalia. Sijui niyaweke wapi haya mawili.

Nekesa amekubali kutorudi Eastleigh. Kioo bado hajakikubali. Lakini juzi alimleta binti yake, yule mwenye jina lako, kwenye kibanda chako cha ususi ambamo sasa nasuka mimi. Akamkalisha, akaniambia, "Kaza vizuri, isifumuke haraka." Nekesa huyohuyo, Mama! Na wigi kichwani!

Sikukaza. Alinuna, akasema nimeharibu kazi yako.

Lala salama. Nakupenda, na hasira bado ninayo. Nakuahidi hili: mtoto huyu akisema anaumia, nitafumua, hata ungekuwa wewe umesimama pale mlangoni.

Binti yako,
Naliaka