Kamba za Kuni Alizotunza Bibi

Ipagala,
Dodoma.
14 Juni 2026

Mpendwa Baba Mdogo Joel,

Shikamoo. Habari za huko Bergen? Mama mdogo hajambo? Na watoto wanaendeleaje na shule? Sisi huku ni wazima. Bibi Penina mguu unamsumbua kidogo kwa baridi hii ya Juni, lakini uwele wake bado anapepeta mwenyewe, na ukijaribu kumsaidia anakuambia unamwaga.

Najua utashangaa kupata barua badala ya ujumbe. Simu naiogopa, na ukisoma mpaka chini utaona kwa nini. Nimeandika kwa kalamu ili nisiweze kufuta.

Wiki mbili zilizopita alikuja dada mmoja wa chuo kikuu nyumbani kwa bibi, Msalato. Anaitwa Sabiha, mwenyeji wa Kondoa. Anasomea mambo ya jamii. Anazunguka kuwauliza wazee watu walivyoomboleza kipindi cha korona. Aliniambia waliougua walihesabiwa, lakini waliobaki walilia namna gani, hilo wachache wameliuliza.

Kigogo hakijui, kwa hiyo baba akanituma mimi nikatafsiri. Mimi, ambaye mwalimu akiita jina langu darasani sauti inakwama! Fomu yake ya Kiingereza, yeye anaongea Kiswahili, bibi anajibu Kigogo. Nilitokwa jasho kwenye baridi.

Swali la nne lilikuwa hili: msibani kwa mume wako walikuja watu wangapi? Hilo nililijua hata mimi. Nilikuwa na miaka kumi babu Elieza alipofariki, na makaburini tulikuwa tisa, kwa sababu baba hakutaka watu wasongamane. Matanga hakulala mtu. Bibi akajibu, "Arobaini na moja."

Nikamwambia, "Bibi, si tulikuwa tisa?"

"Wewe unahesabu waliosimama kaburini. Ngoja."

Akaingia ndani, akatoka na kikapu kimejaa vipande vya kamba: magome, katani, mipira ya baiskeli, vitambaa vya kanga. Kumbe watu waliposhindwa kuja kulala matangani, kila mmoja alileta mzigo wa kuni alfajiri, akautua nje ya uzio, akaondoka bila kupiga hodi. Kuni bibi alizichoma. Kamba akazitunza. Kila mtu ana ufungaji wake, naye aliwatambua wote.

"Huyu Generosa, mafundo mawili kila siku. Huyu Emiliana, anafunga kuni kama anafunga mbuzi mwizi. Na hili fundo la mzee Abeli. Hajawahi kubeba kuni tangu azaliwe, liangalieni, aibu tupu!" Akacheka mpaka akashika mguu.

Dada Sabiha aliacha kuandika. Miaka sita nilikuwa namwonea babu huruma kwamba alizikwa kimyakimya, kumbe mtaa mzima ulipita pale usoni petu, mmoja mmoja, na mimi nakunywa uji uliopikwa kwa kuni zao. Nilijiona mdogo sana mbele ya kile kikapu.

Mwisho bibi akatoa kitambaa cha kanga yake mwenyewe. "Huyu Joel. Alikuwepo kwenye simu mpaka mwisho. Hakuwa na namna ya kuleta kuni, nikamfungia mimi."

Dada Sabiha akaniuliza, "Amesema nini?" Nilishindwa kutafsiri.

Baba mdogo, hukuwepo mpaka mwisho, na kosa ni langu. Ndege zilikuwa zimesimama, ukawa unatazama kupitia simu ya baba, na aliyeishika ni mimi. Jeneza lilipoanza kushuka ulilia kwa sauti kubwa. Watu wakanigeukia mimi, kana kwamba ninayelia hivyo ni mimi. Nikaona aibu, nikakata. Ukapiga mara tatu, nikaikataa mara tatu. Baba nikamwambia mtandao umekatika, naye akakuambia hivyo hivyo, akiamini.

Ndipo ukamwandikia kwamba amekufungia mlango wa kaburi la baba yenu. Tangu hapo hamjaongea, salamu zenu zinapitia kwa shangazi Anitha. Yote hayo nilikuwa nayasikia, nanyamaza. Si baba aliyekufungia. Ni mimi. Nisamehe.

Jumapili iliyopita baada ya ibada nilimwambia baba. Nilidhani atanichapa. Alivua viatu, akavivaa tena. Kisha akasema, "Kwa hiyo miaka sita namwita mdogo wangu mkorofi bure."

Bibi bado sijamwambia. Naogopa atakitoa kitambaa chako kikapuni. Nitamwambia, lakini natamani kwanza wewe na baba muwe mmeongea.

Msalimie sana mama mdogo na wadogo zangu. Bibi Penina, mama na shangazi Anitha wanakusalimu. Mungu awatunze na baridi ya huko, awape na nafasi ya kuja.

Baba naye anakusalimu. Nilipomwambia nakuandikia alisema, "Mwambie namba ni ileile, sikuibadilisha." Siku hizi anakula na simu iko mezani, jambo ambalo sisi anatukataza.

Mwanao anayekupenda na kukuomba radhi,
Yudith Obedi