Anwani Nne za Barisa

Barisa, rafiki yangu,

Tangu tukuzike, kompyuta yako haijawashwa. Mkeo ameifunika leso. Lakini yangu hapa Garsen haijui. Kila inapotuma habari za maji kwa redio hukuita wewe kabla ya kijiji cha Ozi, kule mto unakoishia, ikasubiri, ikakuita tena, mara nne. Majuzi watu wa Wenje, huko juu ya mto, walituma neno kwamba mto unapanda. Betri ya sola ikaishia katika kukuita. Ozi walipata habari siku ya pili, mpunga waliouanika umeshachukuliwa na maji.

Kosa ni langu. Uliniambia tukinywa chai dukani kwako: "Mwalimu, ng'ombe mmoja, mama akimwita kwa rangi na mtoto kwa pembe, utasema una wawili?" Ulitaka programu igeuze kila anwani ya kompyuta iwe na umbo moja kabla ya kuzilinganisha. Nikakataa. Nitawafundisha watu waandike sawasawa, nilisema. Ukacheka. "Fundisha basi, mpaka mto ukauke!"

Wenje waliandika anwani yako kwa sifuri mbele ya tarakimu. Ozi waliandika jina. Mimi niliongeza mwishoni namba ya mlango wa kompyuta ambao programu husikilizia. Ya nne uliiandika mwenyewe, tarakimu tupu. Na kwa kuwa mtandao wetu hauna makao makuu, kompyuta hupeana orodha za anwani zenyewe kwa zenyewe. Ukawa watu wanne.

Sasa nimefanya ulivyotaka. Programu inaondoa sifuri za mbele, inabadili jina kuwa tarakimu, inatia namba ya mlango pale inapokosekana, ndipo inalinganisha. Ukabaki mmoja. Niliitazama hiyo moja, Barisa... Nikaiita kwa mkono wangu, nikasubiri mpaka mwisho. Kisha nikaifuta.

Asubuhi nikakukuta tena kwenye orodha. Kompyuta ya Wenje, ambayo bado ilikuwa nawe, ilikuwa imekurudisha. Nakiri nilifurahi. Nilikaa na furaha hiyo hadi chai ikapoa, ndipo nikawakumbuka watu wa Ozi na mpunga wao.

Jumamosi nitakwenda Wenje, kisha Ozi. Tutazima kompyuta zote, tukufute kila mahali, ndipo tuziwashe tena.

Mola alipanue kaburi lako, ndugu yangu. Habari za maji hazitakungoja tena, nakuahidi. Kukungoja nimebaki nako mimi.

Mwalimu Komora